Muuza spea wa hapa kona kanifundisha silabi mbele za watu, na jenereta haijawaka

KinyoziWaKona

Wakuu salamu baadaye, mikono inatetemeka na sio njaa.

Simtaji. Nyie wa Mbagala mnamjua, yule wa spea anayekalia kreti la soda na kijiti mdomoni tangu nchi haijapata uhuru, ukimuuliza bei anaiangalia barabara. Huyo huyo. Leo kanidhalilisha mpaka nimetamani nihame mkoa.

Iko hivi. Nina jenereta yangu ndogo ya saluni, ile ya kuchanganya oili na petroli, tanki lita nne. Mgao ulipoisha mwaka 2024, bwawa la Nyerere lilipoanza kutoa umeme, nikaifunika na kanga ya mama watoto nikaisukuma chini ya benchi, petroli humo humo. Sasa juzi nguzo imeanguka mtaani, giza siku ya pili, wateja wananiangalia, nikaitoa. Navuta kamba, kimya. Navuta, kimya, bega linauma hadi sasa. Nikaenda kwa huyo bwana akanipa kichupa cha dawa ya petroli, elfu kumi na tano yangu, akasema "mimina, washa, sahau". Maneno matatu. Hakusema cha nne.

Nikaongeza petroli hadi tanki likajaa, nikamimina dawa, ikawaka! Moshi wake kata nzima walidhani nachoma matairi, ila ikawaka. Nikamkalisha mteja. Nimemaliza upande wa kulia, nimegeuka kushoto, ikaanza puu puu puu, ikafa. Mteja nusu kichwa kipara nusu msitu.

Nimebeba jenereta begani hadi kwa yule bwana, mteja nyuma yangu na shuka la kunyolea shingoni maana kakataa kubaki saluni peke yake. Nafika najieleza kistaarabu, yeye hata hajaiangalia jenereta, kachukua kichupa, kakitikisa, kitupu, akauliza "umemimina chote?" Nikasema ndio, si ulisema mimina. Basi akasimama. Wakuu huyu mtu hasimamagi. Akaweka kidole kwenye yale maandishi ya nyuma madogo kama mayai ya chawa na akaanza kwa sauti ya mwalimu wa chekechea: "MI. LI. LI. TA."

Mbele ya mama wa chapati. Mbele ya vijana wa bodaboda kama saba. Mbele ya mteja wangu. MI. LI. LI. TA. Kila silabi anagonga kichupa na ukucha.

Nina cheti cha kidato cha nne mimi! Halafu eti "dawa nzuri, mtumiaji mbovu". Elfu kumi na tano harudishi. Na huyu mama wa chapati ninayemnyolea watoto wake kwa mkopo ndio alicheka wa kwanza.

Mi li li ta. Watu wa namna hii wanapewaje leseni ya biashara?

MpitaNjia77

Ngoja nikae mbele kabisa. Mi. Li. Li. Ta.

DadaSebene

Nimecheka nimemwaga chai kwenye kibodi ya ofisi 😂😂 mkuu pole ila mteja na shuka lake shingoni barabarani, hiyo picha hainitoki

BabuKijana

Hii chai. Bila picha ya huyo mteja sisi hatuamini.

FundiKimya

Kinyozi, kichupa kiliandikwa kinatosha lita ngapi?

KinyoziWaKona

Kina mililita 300 kwa lita 60. Nimekisoma SASA HIVI nyumbani kwa tochi ya simu. Kwani hilo ndio suala? Suala ni kunisomea kama mtoto.

FundiKimya

Mililita 300 kwa lita 60 ni mililita tano kwa lita. Tanki lako lita nne, ulitakiwa mililita 20. Wewe umeweka 300. Mara kumi na tano bro. Hapo ulikuwa unaiendesha jenereta kwa dawa, petroli ndio kiungo.

MpitaNjia77

Ile ni supu ya dawa 😂 yule mzee wa kreti alikuwa na haki ya kusimama

KinyoziWaKona

Muuzaji si ndio anatakiwa aseme? Daktari akikupa panadoli anasema mbili mara tatu, hakwambii "meza, lala, sahau". Na hakuna haki ya kugonga ukucha. Mi (tap) li (tap) li (tap) ta (tap). Mnajua ile sauti ya ukucha kwenye plastiki nyie?

FundiKimya

Sikutetei simtetei. Ila shida yako imeanza 2024 ulipoiacha petroli humo. Petroli ikikaa miezi inaharibika, ile nyepesi inapaa, inayobaki inageuka gundi ya njano chini ya kabureta, na kile kitundu cha jeti chembamba kuliko sindano kinaziba. Dawa ya kusafisha ukiizidisha inabandua uchafu wote wa tanki kwa mkupuo na wote unashuka kwenye kitundu hicho hicho. Ndio maana iliwaka dakika kumi ikafa. Na kuna dawa nyingine ya kutunza petroli, hiyo unaweka petroli ikiwa mpya, unaiungurumisha kidogo ifike hadi kabureta, ndio unahifadhi. Haifufui iliyokufa. Mimi hata hiyo sinunui, nikitaka kuhifadhi mashine nafunga koki ya mafuta naiacha iungurume mpaka izime yenyewe, kabureta inabaki kavu, bure kabisa. Mwaga hayo mafuta yote, toa kabureta, jeti ipulizie na pampu ya baiskeli, usiitoboe na waya utaipanua tundu. Plagi nayo angalia, itakuwa nyeusi imelowa, ifute uikaushe.

Mzee_wa_Busati

Dawa dawa za nini, sisi zamani tulikuwa tunadumbukiza vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini kwenye tanki, pikipiki inapaa

FundiKimya

Mzee wangu na ikilala usiku wa baridi vinaganda tena ndani ya kabureta asubuhi unasukuma. Shikamoo lakini.

Mzee_wa_Busati

Marahaba. Tulikuwa tunasukuma ndio, tulidhani ni kawaida.

Lita_Moja

Mnahangaika na dawa wakati petroli yenyewe ndio tatizo. Huku kwetu kuna jamaa anauza kwenye chupa za maji ya kunywa, mnamjua, pikipiki yangu ikinywa ile kitu inagonga kama mtu anapiga hodi. Ina mafuta ya taa ile. Serikali imeweka vinasaba, ile alama ya siri ndani ya mafuta, tangu 2010, ikapandisha kodi ya mafuta ya taa 2011 ili watu wasichakachue, huyu bwana habari hazijamfikia. Nilidondosha tone kwenye karatasi nyeupe, petroli safi inakauka yote, yake ikabaki doa utadhani nimefungia maandazi.

Kinara_wa_Boda

Umeipima iliyochanganywa na oili? Hiyo lazima iache doa.

Lita_Moja

Ya pikipiki nichanganye oili ya nini? Usinisomee mi li li ta na mimi

KinyoziWaKona

Jamani tusitoke nje ya mada. Kuna mtu kasimama hadharani akamsilabisha baba wa watoto watatu.

Kinara_wa_Boda

Kinyozi swali, oili uliweka? Maana hizo ndogo ukisahau oili pistoni inang'ang'ania, hapo hata mzee wa kreti hakusaidii

KinyoziWaKona

Niliweka. Mimi sio mjinga.

Kinara_wa_Boda

Ulipima na nini

KinyoziWaKona

Kizibo cha maji.

Kinara_wa_Boda

Vingapi?

KinyoziWaKona

Vya kutosha.

FundiKimya

Moja kwa hamsini mkuu, lita moja ya petroli mililita 20 za oili, tanki lako 80. Sirinji ya famasi haifiki elfu moja.

MpitaNjia77

Rudia taratibu mi li li ta ngapi

NusuKipara *(amejiunga leo)*

Habari zenu. Mimi ndiye mteja. Nimejiunga kwa sababu ndugu mwandishi kaacha kitu. Yule mzee alivyosema MI, kinyozi akaitikia "mi". Alivyosema LI, akaitikia "li". Wameenda pamoja hadi mwisho. Mama wa chapati alichekea hapo.

DadaSebene

SIWEZI 😂😂😂😂😂

BabuKijana

Naomba radhi kwa kusema ni chai

KinyoziWaKona

Ilinitoka tu! Mtu akikuanzishia kwa sauti ile ya darasani mdomo unaitikia wenyewe, hujawahi kusoma shule wewe? Na hapo ndio ubaya wake wakuu, alijua nitaitikia. ALIJUA. Na wewe NusuKipara nilikwambia njoo nimalizie na mkasi bure ukakataa.

NusuKipara

Baada ya kuona unavyopima oili? Nimevaa kofia ya baraghashia na mimi ni msabato.

Mkorosho_wa_Newala

Afadhali yenu nyie mnaumia na mtu baki. Mimi nina mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, mali yangu, nimeuza gunia mbili kuinunua. Kuna jirani, ndugu wa ukoo kabisa, kila msimu anaazima siku moja anakaa nayo wiki mbili. Mwaka huu kairudisha tanki limejaa, nikafurahi nikasema leo kaota utu. Kumbe petroli tupu, tone la oili hamna! Nimevuta mara moja imelia kama mbuzi imeng'ang'ana pistoni na silenda ndoa ya kikatoliki. Mikorosho inatoa maua, ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, unatembea kama harusi, mimi nina mashine ya maonyesho. Nikamfuata akasema "si nimekujazia?" Si nimekujazia!!

Lita_Moja

Hiyo "si nimekujazia" inauma kuliko mililita

KinyoziWaKona

Haiumi kuliko.

DadaSebene

Inauma. Mtu anakuharibia halafu anadai shukrani. Mkorosho mdai hata kilo za korosho

MvuviHuru

Huku pwani shemeji yangu aliazima injini ya boti, karudisha boti. Injini nikamuuliza akasema "iko safari". Mwezi wa tatu huu iko safari.

KinyoziWaKona

Wakuu naomba kuuliza kwa walioko serious, nimetoa kabureta kama alivyosema FundiKimya, kuna kispringi kidogo kimeruka sijui kimeenda wapi. Nataka mtu wa kunielekeza spea naipata wapi TOFAUTI na pale kona.

Kinara_wa_Boda

Ni pale kona tu.

MamaVitumbua

Kuazima ndio kumeniua mimi. Sufuria langu la pilau la kilo kumi liliondoka Idi kubwa na mfuniko wake. Jana nimealikwa shughuli nyumba ya tatu, nakula, naangalia sufuria, naona herufi zangu nilizochora na msumari chini ya mkono. Mwenye nyumba ananiambia "kula dada, usione haya".

DadaSebene

UKAFANYA NINI

MamaVitumbua

Nikala. Pilau lilikuwa zuri.

Mkorosho_wa_Newala

Na mfuniko je?

MamaVitumbua

Mfuniko ulikuwa umewekewa kachumbari.