Waokaji wa nyumbani Mbeya, Iringa na Njombe: baridi hii inakufanyia nini jikoni? Tupeane uzoefu

MamaWawili_Uyole
Habari za asubuhi wapendwa. Naandika mkono mmoja una unga. Jana saa tatu usiku nilikanda kilo mbili za ngano kwa ajili ya maandazi, nikafunika beseni kwa kitenge, nikalala. Saa kumi na moja alfajiri nafunua, donge limekaa vilevile nilivyoliacha. Nikalibonyeza, gumu, baridi, hamna hewa ndani. Hamira ni ileile, unga ni uleule. Watoto wameenda shule na viazi vya kuchemsha na chai.

Nilihamia huku kutoka Dar mwaka juzi. Kule Temeke nilikuwa nakanda, naingia kuoga, nikitoka unga umeshapanda mpaka mdomo wa beseni. Huku najifunza upya kama mwali. Mliozaliwa huku, mwezi wa sita na wa saba mnafanyaje? Na tusiishie kwenye maandazi. Keki, mikate, mahindi mabichi, chochote unachopika kwa kufuata msimu, leta.

Mnyalu_wa_Kihesa
Kamwene dada. Maji uliyokandia yalikuwa ya bomba, si ndiyo? Hapo ndipo ulipokosea. Pasha maji hadi ukichovya kidole usikie joto la kawaida tu, yasiunguze, maana yakichemka hamira inakufa kabisa. Iumue kwanza pembeni na kijiko cha sukari. Ikitoa povu ndipo uimwage kwenye unga. Isipotoa povu usihangaike, tupa uanze upya.

Bibi yangu alikuwa akifunika beseni kwa blanketi lake mwenyewe. Usiku tukisikia baridi tunavuta blanketi, halipo, lipo jikoni linalala na unga.

Binti_wa_Tukuyu
Hilo la blanketi hata kwetu lipo. Ndaga fijo kwa kunikumbusha.

Mzee_wa_Makambako
Sisi tulipokuwa wadogo hamira ya dukani ilikuwa kitu cha kusikia. Mvua zikianza, mianzi inagemwa, mama anatuma mtu kuchukua ulanzi mtogwa, ule mtamu wa siku hiyohiyo ambao haujawa mkangafu. Anaukandia unga badala ya maji. Hakuwa anaweka sukari nyingi, utamu ulikuwa ndani ya ulanzi wenyewe. Unauacha tangu asubuhi, mchana unakuta umejaa vitundu. Maandazi yale yalikuwa na uchachu kidogo kwa mbali, na harufu ambayo sijawahi kuipata kwenye andazi lolote la mjini. Lakini hiyo ni ya msimu wa mvua. Ukiniuliza mwezi wa saba nitakuambia kula kiporo cha ugali usubiri masika.

Mtumishi_Ilembo
Mzee wangu shikamoo. Naomba tusifundishane kulisha watoto pombe humu. Ulanzi ni pombe hata ukiwa wa saa moja.

Mzee_wa_Makambako
Marahaba mwanangu. Andazi linaingia kwenye mafuta yanayochemka. Kilevi kitabaki wapi hapo? Na hiyo hamira unayonunua kwenye pakiti nayo inatengeneza kilevi kidogo ndani ya donge, ndiyo kazi yake ya kuchachusha. Mama yangu alilea watoto saba kwa maandazi hayo na alikuwa mzee wa kanisa.

Mtumishi_Ilembo
Sijamvunjia mama heshima. Nasema tu kwangu haliingii.

Mnyalu_wa_Kihesa
Basi yaishe jamani, turudi kwenye unga.

MwokajiMafinga
Nami nichangie kuhusu keki, maana naona wengi wanalia keki kudidimia katikati na wanalaumu mayai. Mwinuko wetu ni sababu mojawapo. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Njombe ni juu zaidi. Hewa huku ni nyepesi, haikandamizi keki kama kule Dar, kwa hiyo ile gesi ya beking pauda inatanuka haraka. Keki inapanda mbio kabla katikati hapajaiva, halafu inaanguka. Kipimo kilichoandikwa na mtu wa pwani usikifuate kama kilivyo. Penye vijiko vinne vya beking pauda mimi naweka vitatu, naongeza maziwa kidogo, na moto wangu uko juu kidogo. Ni sababu hiyohiyo inayofanya maharage yachelewe kuiva. Maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, hayafiki 100.

Mimi naokea jiko la vumbi la mbao, huku kwetu halikosekani. Unasimamisha gongo katikati ya debe, unashindilia vumbi pembeni mpaka liwe gumu, unachomoa gongo taratibu, unawasha kupitia tundu la chini. Linawaka saa nne kwa moto mmoja bila kuguswa. Kwa keki ya matunda hakuna jiko la mkaa linaloliweza.

Mama_Keki_Sae
Napinga. Baridi ikizidi unaongeza, hupunguzi. Mimi mwezi wa saba naongeza na naona matokeo.

MwokajiMafinga
Dada unaongeza hamira au beking pauda? Hivyo ni vitu viwili. Hamira ina uhai, baridi inaichelewesha, hiyo sawa unaweza kuongeza. Beking pauda haina habari na koti lako.

Mama_Keki_Sae
Kaka nimeuza keki miaka tisa. Usinifundishe kwa kejeli.

MwokajiMafinga
Samahani dada, sikukusudia kejeli. Ila naomba jaribu mara moja tu keki ndogo ya robo kilo, upunguze, uone.

Jirani_Isyesye
Nimesoma tangu juu nikanyamaza, lakini neno "jiko" limenigusa pabaya. Naomba mnivumilie, ni ndefu.

Ilikuwa mwezi wa saba. Kijana wangu mkubwa alikuwa anapata kipaimara Jumapili, na nilikuwa nimeapa keki nitaoka mwenyewe, sinunui. Ijumaa jioni umeme ukakatika na oveni yangu ndogo ikawa kabati. Nikasema si tatizo, nimekulia kwenye mkaa. Nikatoa jiko, nikaweka sufuria kubwa yenye mchanga, juu ya mfuniko nikapanga makaa kama tulivyofundishwa, mengi juu, machache chini. Nje kulikuwa na upepo ule wa kukata masikio, makaa yalikuwa yanakwisha kabla keki haijapata rangi. Nikaliingiza jiko jikoni. Jiko langu ni chumba kidogo, dirisha moja. Nikafunga dirisha. Mlango ulikuwa na mwanya chini, nikakunja khanga nikauziba kwa sababu binti yangu wa miaka kumi na moja alikuwa amekaa pale kwenye ndoo ananisaidia kupiga kremu na miguu ilikuwa inamganda.

Moshi haukuwepo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Makaa yalikuwa mekundu safi, hayana moshi, hayana harufu, nikajua tupo salama. Keki ya kwanza ikatoka vizuri. Nikaweka ya pili. Kichwa kikaanza kunigonga, nikasema ni uchovu, nimesimama tangu asubuhi. Binti akasema, "Mama, bakuli naliona mawili." Nikamjibu kwa ukali, "Ni usingizi, maliza hiyo kremu ukalale." Dakika chache baadaye akatapika palepale kwenye ndoo. Nikataka kuinuka nimshike. Magoti hayakunyanyuka. Nilikuwa na akili zangu, namwona mwanangu ameegemea ukuta, namwita, sauti haitoki. Niliuona mlango, hatua tatu tu, nikawa nawaza kwa utulivu wa ajabu kwamba nitaufungua baadaye.

Keki ndiyo iliyotuokoa. Ile ya pili iliungua. Harufu ikapita juu ya dari hadi kwa jirani yangu ambaye alikuwa macho ananyonyesha. Akaita dirishani, "Mama fulani, keki yako inaungua!" Akaita tena. Akashangaa, kwa sababu mimi si mtu wa kuunguza keki. Akaja, akasukuma mlango, khanga ikakataa, akapiga kwa bega. Alimtoa mtoto kwanza, akaniburuta mimi kwa mikono miwili hadi kwenye majani yenye umande.

Hospitalini walituwekea oksijeni usiku mzima. Daktari alinieleza kwamba ni hewa ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni, na inaing'ang'ania damu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni yenyewe. Ndiyo maana mtu anaishiwa nguvu huku anaona kila kitu.

Kipaimara kilifanyika. Ile keki ya kwanza aliibeba jirani, akaipaka kremu aliyoipiga binti yangu. Mimi sikuionja.

Binti_wa_Tukuyu
Mungu wangu. Pole sana mama.

MamaWawili_Uyole
Dada nimesoma nimesimama. Hapa nilipo jiko la mkaa liko ndani, naota moto. Nimelitoa sasa hivi.

Mnyalu_wa_Kihesa
Pole sana. Kwetu wanasema ukiweka bakuli la maji karibu na jiko linavuta ile sumu.

MwokajiMafinga
Halivuti, mkuu. Maji hayaizuii hewa hiyo. Na lile la "makaa yakishakuwa mekundu hayana shida" ndilo linaloua watu kila msimu wa baridi. Nami nirekebishe la juu, jiko la vumbi la mbao liwe nje kwenye banda lililo wazi. Nilipaswa kulisema mwanzo.

Mtumishi_Ilembo
Kwa hiyo tukifungua dirisha inatosha?

Jirani_Isyesye
Mimi sitoshelezwi na dirisha. Naokea nje chini ya upenu, nimekinga upepo kwa bati pande mbili. Mkaa unakwenda mwingi zaidi, ndiyo. Naulipia kwa furaha. Na usiku usilale na jiko ndani hata kama limebaki majivu ya moto.

Mzee_wa_Makambako
Mwanangu pole. Huyo jirani mpelekee debe la viazi kila mavuno.

Jirani_Isyesye
Shikamoo mzee. Napeleka, na mtoto wake aliyekuwa ananyonya nilimwokea keki ya ubatizo.

Binti_wa_Tukuyu
Naomba nirudi kwenye msimu kidogo. Wasio na hamira wala oveni, subirini mahindi mabichi. Kwetu Rungwe tunatengeneza mkate wake. Mahindi yawe yameanza kukomaa, ukiminya kwa kucha yatoe maziwa mazito. Yakitoa maji bado machanga, mkate hautashikana. Yatwange, usisage laini sana, changanya na ndizi mbivu zilizopondwa na chumvi kidogo. Jani la mgomba lipitishe juu ya moto kwanza, utaliona linabadilika kutoka kijani hafifu kuwa kijani cha kung'aa, hapo halichaniki tena. Funga, panga kwenye sufuria ambayo chini umetandika vipande vya mgomba, maji yasiguse vifurushi. Saa moja na nusu. Ukifungua harufu ya jani inatangulia.

Mama_Keki_Sae
Hii nitaijaribu. Na kaka wa Mafinga, nimeoka ndogo mchana huu, nimepunguza kama ulivyosema. Haikudidimia. Bado nasema hamira inaongezwa.

MwokajiMafinga
Hamira inaongezwa dada, tuko pamoja.

MamaWawili_Uyole
Mrejesho: maji ya uvuguvugu, hamira imetoa povu, beseni liko kitandani chini ya blanketi la mtoto wa kwanza, analalamika. Dada wa Isyesye, binti yako anaendeleaje?

Jirani_Isyesye
Yuko kidato cha pili. Kremu bado anapiga yeye, lakini anakaa mlangoni, mlango wazi, hata kukiwa na baridi kiasi gani. Simlazimishi kuingia.

Mgeni_Vwawa
Samahani nimechelewa. Hiyo beking pauda ya vijiko vitatu, ni kijiko cha chai au cha chakula?

MwokajiMafinga
Cha chai. Tena kisawazishe kwa kisu.