Naomba ushauri: mteja asiyesikia tumwandikeje katika hati ya kiapo?

Karani wa Makadara:
Assalaam aleikum. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa Mombasa, na kazi yangu kubwa ni kupiga chapa hati za Kiswahili zinazopelekwa Mahakama ya Kadhi. Tunaye mteja, mama mmoja anayedai fungu lake katika mirathi ya marehemu babake, ambaye hasikii tangu utotoni na hutumia Lugha ya Ishara ya Kenya. Rasimu aliyoileta kakake ilianza hivi: "Mimi ni bubu na kiziwi nisiyejiweza." Mama alipoisoma (maana kusoma anajua vizuri) aliyazungushia kalamu maneno "bubu" na "nisiyejiweza", akanirudishia karatasi bila kuniangalia. Nimeandika "mwenye ulemavu wa kusikia", lakini bintiye anasema mamake hujiita kiziwi tu. Nami nimelelewa nikiambiwa kiziwi ni tusi. Lipi lenye heshima?

Mkalimani wa Kongowea:
Neno "bubu" lifute bila mjadala, kwa sababu linadai kwamba mtu hana lugha ilhali anayo. Ibara ya 120 ya Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sasa mwenye lugha ya Bunge anakuwaje bubu? Kuhusu "kiziwi", wenyewe wamelipokea, na jirani zetu wana Chama cha Viziwi Tanzania. Tusi mara nyingi limo katika upatanisho: anayesema "kiziwi kimekuja" amemfanya mtu kuwa kitu, ilhali sarufi inataka "kiziwi amekuja".

Mzee wa Likoni:
Mwanangu Karani, mimi niliyetumikia mahakama miaka mingi bado nasita. Kiziwi, kipofu, kiwete, kilema: yote yamevaa ki- ileile, na wazee wetu hawakuyatamka kwa staha. Ibara ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha, kwa hiyo "mwenye ulemavu wa kusikia" ni salama zaidi. Jambo lingine ni kwamba katika nakala yangu ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kichwa cha kifungu cha 126 bado kinataja mashahidi mabubu, ingawa kifungu chenyewe kinasema kwa ustaarabu "shahidi asiyeweza kusema", kinamruhusu kutoa ushahidi kwa maandishi au kwa ishara mbele ya mahakama, na kinauhesabu ushahidi huo kuwa wa mdomo. Ukikinukuu, nukuu maneno ya ndani na ukiache kichwa.

Binti Kisauni:
Shikamoo, Mzee. Mimi ni kiziwi, na kwa heshima zote sikubaliani nawe. "Ulemavu wa kusikia" unaanza kunieleza kwa nilichokosa, ilhali "kiziwi" kwangu ni jina la watu ninaozungumza nao lugha moja. Hata hivyo, aliyepungukiwa na usikivu ukubwani huenda akapenda "mwenye usikivu hafifu", wala asiitwe kiziwi kwa nguvu. Ibara ya 54 uliyoitaja inamlinda anayeitwa, basi yeye ndiye wa kuulizwa.

Karani, uziwi hauhusiani na haki yake ya kurithi. Unahusiana tu na namna alivyoielewa hati. Utaje mara moja, mwishoni: "Mimi ni kiziwi na ninatumia Lugha ya Ishara ya Kenya. Hati hii nimeisoma mwenyewe, na nimefafanuliwa kwa lugha hiyo na mkalimani, nikaielewa kabla ya kutia sahihi." Na mkalimani huyo asiwe kakake, ambaye naye ni mrithi; aliyeandika "nisiyejiweza" huenda alikuwa na hesabu zake.

Mzee wa Likoni:
Marahaba, binti. Hilo la kaka lilinipita. Kama mama mwenyewe amelichagua neno, sina pingamizi.

Karani wa Makadara:
Nashukuruni. Leo nimemwonyesha mama rasimu mpya, na mkalimani asiye wa ukoo alikuwapo. "Kiziwi" amelikubali papo hapo. Alilolikata ni "mjane" katika aya ya kwanza, akaeleza kwamba mumewe hahusiki na mirathi ya babake.