Mrejesho: binti yangu na skuli ya kulipia

Assalaam alaykum. Mwaka jana niliwauliza kama nimtoe binti yangu skuli ya serikali, Mwanakwerekwe, Unguja, nimpeleke ya kulipia. Nilimpeleka. Darasani wako 28. Alikotoka walipindukia 90, wengine asubuhi, wengine mchana. Daftari lake sasa linasahihishwa kweli, hadi "g" iliyokosa mkia imezungushiwa wino mwekundu. Kiingereza nacho kinamtoka, ananikosoa hata mimi!

Ila mlionionya kuwa ada si ada peke yake, mlisema kweli: gari, sare, vitabu, chai. Kinachoniuma zaidi, anarudi saa kumi yuko hoi, chuoni (madrasa) anasinzia juu ya juzuu. Babake anataka tumrudishe, maana karibu yetu imefunguliwa skuli ya serikali ya ghorofa. Nimemwambia tusubiri Januari.