Wakuu naomba ushauri: ratiba ya mwaka ya chama chetu cha nasaba, siku ya DNA niiweke mwezi gani?

Katibu_Mpya
Wakuu, salaam. Mimi ni katibu wa chama kidogo cha watu wanaofuatilia nasaba zao. Nimepewa kazi ya kupanga ratiba ya mwaka ujao na kamati inakaa Jumamosi. Nina haya: kurekodi simulizi za wazee, kupiga picha makaburi ya zamani, darasa la kusoma rejista za vizazi na ndoa, kuskani picha za wanachama, na siku ya kupima DNA kwa pamoja. Mwenyekiti anataka hiyo ya DNA iwe Machi. Mimi naona iwe Desemba, au isiwepo kabisa. Sipati usingizi. Nyie mngepangaje?

Bibi_Kumbukumbu
Mwanangu, anza na wazee, mengine yatasubiri. Mama yangu mkubwa alikuwa anajua majina ya kina bibi vizazi vitano. Kila mwaka tunasema tutamrekodi. Akapata kiharusi, sauti ikakata. Ukimpa picha ya harusi anaweka kidole juu ya mtu mmoja mmoja, midomo inatikisika, machozi yanamtoka, na hakuna jina hata moja tuliloandika. Nendeni na picha, msiende na orodha ya maswali. Ukimuuliza mzee alizaliwa mwaka gani, anachoka. Muulize huyu aliyesimama nyuma ni nani, utakaa naye mpaka jioni.

Jiwe_la_Kale
Makaburi msiende saa sita mchana. Nendeni jua likiwa chini, mwanga unapiga jiwe ubavuni na maandishi yaliyofifia yanajitokeza kwa kivuli. Brashi ya waya marufuku, chaki marufuku. Maji matupu na brashi laini. Na pigeni picha mawe ya jirani pia, ndugu huzikwa karibu karibu.

Mstari_Mnyoofu
DNA ifute. Mwaka 2023 wadukuzi walichota taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya kupima DNA, na Machi 2025 kampuni yenyewe ikaomba ulinzi wa mufilisi. Nywila ikivuja utabadilisha, damu utabadilisha na nini? Aliyoyasitiri Mungu yaacheni.

Kijana_wa_Namba
Ikiwa Desemba, mwaka mpya mtauanza na koo mpya 😂. Kabla ya yote kubalianeni namba za kuwapa watu kwenye mti wa nasaba. Mfumo wa Michaël Eytzinger wa mwaka 1590 bado unafanya kazi: wewe 1, baba 2, mama 3. Baba wa yeyote ni namba yake mara mbili, mama ni hiyo ongeza moja. Na mafaili yawe ya GEDCOM, ule muundo wa faili za nasaba, programu nyingi zinayasoma.

Sentimogani
Mleta mada, Machi na Desemba zina tofauti gani kwako? Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya mwezi.

Katibu_Mpya
Ni maandalizi tu mkuu.

Sentimogani
Maandalizi gani? Funguka usaidiwe.

Katibu_Mpya
Haya. Nilishapima mwenyewe, kimya kimya. Kwenye orodha ya watu ninaolingana nao DNA, wa juu kabisa ni mwenyekiti. Sentimogani 1,740, yaani kipimo cha wingi wa DNA mnayolingana. Ni rika la marehemu baba, na familia zetu hazijawahi kuhesabiana undugu. Mama yupo hai. Nahisi mwenyekiti naye ameliona, ndiyo maana anang'ang'ania Machi na anataka majibu yaingie kwenye mti mmoja mbele ya wanachama wote. Na msinilaumu: rasimu nimeshawatumia wanachama, Machi nimeweka makaburi. Siwezi kumvua nguo mama yangu hadharani kwa ajili ya shughuli ya chama.

Mstari_Mnyoofu
Si nilisema?

Nimekaa_Pale
Hii chai. Akaunti ya leo, uzi wa kwanza. Chama ndiyo kwanza kinataka kupima, mwenyekiti kapimwa wapi? Na 1,740 ni ndugu wa mzazi mmoja, siyo mtu wa rika la baba yako.

Kijana_wa_Namba
Nami nilishaanza kuhuzunika.

Katibu_Mpya
Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani watu wa chama wanaijua. Mwenyekiti alipimishwa na mwanaye kitambo, na tangu hapo DNA haimtoki mdomoni.

Nimekaa_Pale
Kila swali lina jibu lake tayari. Chai.

Sentimogani
Nimekaa, kwenye namba umeteleza. Kiwango hicho, kama robo ya DNA, kinaweza pia kuwa babu, au ndugu wa baba mmoja mama mmoja na mzazi wako. Mzazi mwenyewe angekuwa karibu 3,400 au zaidi. Kwa hiyo Katibu, mwenyekiti siye aliyekuzaa. Inawezekana ni baba yako mkubwa, na njia ziko mbili: aliyekuzaa ni ndugu yake, au marehemu baba yako mwenyewe ni ndugu yake na akalelewa na familia nyingine. Hiyo ya pili haimgusi mama yako hata kidogo. Umeshamhukumu kabla ya kumuuliza. Una ndugu wa tumbo moja? Akipima naye akatoka na robo hiyohiyo kwa mwenyekiti, jambo linaelekea kwenye kuzaliwa kwa baba.

Katibu_Mpya
Hilo la baba sikuliwaza. Lakini rasimu siibadilishi.

Bibi_Kumbukumbu
Usiibadilishe. Mama yako muweke wa kwanza kwenye orodha ya wazee wa kurekodiwa, na uende peke yako. Uanze na picha za utoto wa baba yako, kama zipo.

Sentimogani
Na hiyo siku ya DNA ikirudi kwenye ratiba, kila mtu asaini ridhaa, majibu yawe ya mwenyewe, kwenye mti wa pamoja aingie anayetaka. Hilo lipeleke Jumamosi, mwenyekiti akikataa mbele ya kamati utajua anatafuta nini.

Katibu_Mpya
Ridhaa naipeleka. Ninaye dada, anaishi mbali na hajui lolote. Namwanzia wapi?