Krismasi ya uchagani: kule kihambani, kwenye shamba la ukoo, tunahesabu nini?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila Desemba watani wetu husema Wachagga wanakwenda Moshi kuhesabiwa. Utani huo ulinirudia nilipokuwa nasoma Luka sura ya 2: Kaisari Augusto katoa amri watu waandikishwe, kila mtu mjini kwao, na Yusufu akapanda kutoka Nazareti hadi Bethlehemu na Mariamu mjamzito. Krismasi ya kwanza kabisa ilikuwa safari ya kwenda kuhesabiwa kwao. Sioni aibu kwa safari yetu hata kidogo. Naona uchungu kwa tunachokihesabu tukishafika.

Mwaka jana tulikutana kwa baba mkubwa. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ilikuwapo, mtori wa ndizi, mbege yetu ya ndizi, vyote. Aliyekosekana ni ndugu yetu mmoja, seremala anayeishi Dar. Nikampigia. "Kaka, nauli ningekopa," akasema. "Lakini nije na nini? Mchango wa ndafu sijalipa, na mama atakaa aangalie wenzake wakivishwa vitenge." Mama yake alikuwa palepale, ameketi karibu na mlango. Kila gari lilipokata kona kuingia uani, aliinuka kidogo.

Hoja yangu: michango ya lazima ya Krismasi ifutwe kwenye koo zetu. Aliye nacho achinje, asiye nacho aje ale. Mtoto Yesu alilazwa horini kwa kuwa nafasi ilikosekana nyumba ya wageni. Sisi nafasi tunayo, ila tumeiwekea kiingilio.

Dada wa Mwika

Kaka, nakuheshimu, lakini mnaposema fedha imeharibu Krismasi mtukumbuke na sisi tunaobaki huku. Mimi nauza ndizi, mshare hasa. Desemba ndiyo inayoninunulia sare na madaftari ya Januari. Bodaboda, mafundi, wapika mbege, wote macho yetu barabarani tukiwasubiri. Mkija mikono mitupu, mkasali, mkaondoka, huku kijijini kunabaki nini? Na kitenge mama anakifurahia, tusidanganyane.

Kaka wa Kibosho

Mimi ndiye huyo "aliye nacho". Ndafu nimelipa miaka minne mfululizo, na nina mkopo wa benki ambao hakuna anayeuulizia. Mkifuta mchango, mzigo utabaki kwa walewale watatu kila mwaka. Usawa uko wapi hapo?

Mzee wa Machame

Wanangu, mnagombania nyama. Enzi zetu siku hizi za mwisho wa mwaka zilikuwa za kusuluhishana. Mimi na mdogo wangu hatukusemezana miaka sita kwa ajili ya mpaka wa kihamba. Tarehe 26 Desemba, asubuhi, nikamwona anaingia na jani la isale mkononi, jani letu la kuombea msamaha. Ukiletewa isale hukatai, hata kama moyo bado unachemka. Dini ilipoingia mlimani mwishoni mwa karne ya 19, Wakatoliki Kilema, Walutheri huku kwetu Machame, isale halikutupwa, kwa maana lilichokisema na Injili ilikisema. Hakuleta kitu kingine siku ile. Tulikunywa kata moja ya mbege, yeye akianza, kisha mimi.

Siku hizi mnafika tarehe 24 usiku, kesho yake ibada na baa, tarehe 27 mnawahi basi. Kesi za vihamba zinakwenda baraza la kata kwa sababu kaka hana muda wa kukaa na kaka.

Mleta mada

Mzee, shikamoo. Umeniweka sawa. Nilikuwa nagombana na kiingilio, kumbe hata sisi tulioingia hatukai.

Dada yangu, ndizi tutanunua, na mbege pia, hilo sina ubishi. Kitenge nacho kije, ila kisiwe cheti cha kumruhusu mtoto kuja kwa mama yake.

Kaka wa Kibosho, umesema kweli na nasikitika hakuna aliyekuuliza. Basi tusichinje kwa fedha ya mkopo. Ndafu isipokuwapo, mtori unatosha. Watoto hawatakumbuka tofauti.

Jana nimemwandikia yule seremala kwamba mwaka huu na mimi sitoi mchango, ili tusiotoa tuwe wawili, na nitamsubiri stendi ya Moshi tarehe 22 tupande pamoja. Ameusoma ujumbe. Bado hajajibu.