Hiyo supu ya unga msiiite "ramen halisi ya Kijapani"

Wakuu, nimetoka kula sasa hivi na hasira bado haijanishuka.

Mgahawa wa tambi umeandika mlangoni kwa herufi kubwa: RAMEN HALISI YA KIJAPANI. Nimeingia kwa furaha kabisa, nikaagiza ramen, yaani tambi ndani ya supu, ya aina ya tonkotsu. Nilicholetewa ni maji ya kahawia yenye chumvi kali, tambi zimejikunja vilevile zinavyotoka kwenye pakiti, na yai lililochemshwa mpaka kiini kikazungukwa na ukijani.

Tonkotsu! Jina lenyewe kwa Kijapani maana yake ni mifupa ya nguruwe. Mifupa hiyo inatokota kwa moto mkali usiku kucha, saa 12 na zaidi kwa wapishi wengi, mpaka uroto na mafuta vishikane na maji na supu iwe nyeupe kama maziwa. Mimi nilikuwa naona kitako cha bakuli! Hapo hakuna mfupa uliochemshwa, kuna unga uliokorogwa kwenye maji ya moto.

Nikamwita mhudumu. "Samahani dada, hii supu mmechemsha mifupa gani?" Akaenda jikoni, akarudi: "Kaka, ni viungo vyetu maalumu." Na tambi je, mnakanda wenyewe au mnanunua? "Ndiyo ramen yenyewe hiyo kaka, wateja wanaipenda." Huyo dada simlaumu hata kidogo, kajibu alivyoambiwa ajibu. Namlaumu aliyeandika lile bango.

Najua atakuja mtu hapa kusema ramen yenyewe asili yake ni China, kwa hiyo uhalisi uko wapi. Ni kweli. Rairaiken, mgahawa uliofunguliwa Asakusa, Tokyo, mwaka 1910 na kuifanya ramen ipendwe na watu wengi, uliajiri wapishi wa Kichina. Na huko Japani kwenyewe kila eneo lina yake: Sapporo wana ya miso, yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa, Hakata wana tambi nyembamba zilizonyooka, Kitakata wana pana zenye mawimbi. Lakini kote huko utakuta supu iliyopikwa kwa muda wake, utakuta tare, yaani kikolezo cha chumvi, shoyu (sosi ya soya) au miso kinachotangulia bakulini kabla ya supu, na utakuta tambi za ngano zilizokandwa kwa kansui, maji ya magadi. Hayo magadi ndiyo yanayoipa tambi umanjano na ule ukakamavu wa kuvutika mdomoni. Zangu zilikatika kabla sijazifikisha mdomoni.

Wala msiniambie nguruwe ndiye kikwazo, kwamba wateja wengine hawamli. Sawa kabisa, chemsheni mifupa ya kuku! Wajapani wenyewe wanafanya hivyo, tena ukiitokosa kwa nguvu na muda wa kutosha nayo inakuwa nzito na nyeupe. Magadi nayo si kitu cha kusaka ng'ambo. Kinachokosekana pale ni mtu wa kukesha na sufuria.

Tambi za pakiti sizichukii, nazila nyumbani. Momofuku Ando alizileta mwaka 1958 huko huko Japani na zikauzwa kama zilivyo: tambi za papo hapo. Hakumdanganya mtu. Hawa wanachukua kitu kile kile, wanakirushia vitunguu majani, halafu wananilipisha usiku ambao hakuna aliyekesha. Na mtu anayeionja kwa mara ya kwanza anatoka pale akiamini ramen ndiyo hiyo, wala hatarudi kuijaribu tena. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa yangu.

Mwenye mgahawa, kama unapita humu: futa neno "halisi" leo. Andika tambi za pakiti, wenye njaa watakuja na hatutagombana.

Wengine mliowahi kuuziwa hivi, semeni mlikuta nini bakulini.