Naomba ushauri: kuanzisha kikundi cha kujitolea cha kujaribu programu za ramani

Mchoraji_Temeke
Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Mimi ni mmoja wa watu wanaochora ramani ya OpenStreetMap (ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea) kwa mapenzi tu, na baadhi yetu tuliingia kwenye kazi hii kupitia Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015 wa kuchora maeneo ya Dar es Salaam yanayokumbwa na mafuriko. Programu tunazotumia zikitoa toleo jipya, malalamiko hujaa kwenye kundi letu la WhatsApp: kwa huyu programu inajifunga ghafla, kwa yule maneno ya Kiswahili yanakatika kwa sababu kioo ni kidogo. Baada ya siku chache malalamiko hayo yanafunikwa na ujumbe mwingine, na watengenezaji hawapati habari yoyote. Hilo linanisikitisha, kwa kuwa simu zetu za Tecno na Itel zenye kumbukumbu ndogo, pamoja na mtandao unaokatika mara kwa mara, ndiyo mazingira hasa ambayo programu hizi zinapaswa kupimwa.

Nataka tuanzishe kikundi cha kujaribu matoleo mapya mapema. Je, ni lazima wanachama wajue kuandika programu? Na tutajaribu vipi bila kuharibu ramani halisi, ambayo watu wanaitegemea?

Fundi_Kihonda
Mkuu, si lazima kabisa. Anayehitajika ni mtu mvumilivu, anayeweza kurudia jambo lilelile na kueleza alichokiona. "Programu inagoma" haimsaidii mtengenezaji. Kinachomsaidia ni maelezo kama haya: "Simu ni aina fulani, Android 11, toleo la programu ni hili. Nilizima data, nikafungua eneo nililokwisha kulipakua, nikaongeza jengo, kisha nikabonyeza kitufe cha kutendua (undo) mara mbili mfululizo. Nilitegemea jengo liondoke. Badala yake programu ilijifunga. Nimerudia, na imekuwa vilevile." Kwa maelezo hayo mtengenezaji aliye mbali anaweza kuiona hitilafu kwenye simu yake, na hapo ndipo marekebisho yanapoanza. Kabla ya kutuma, mtafute kwanza kama hitilafu hiyo imekwisha kuripotiwa, maana taarifa zinazojirudia huwachosha watu ambao nao wengi wao wanajitolea.

Kwa wenye kompyuta, anzeni na JOSM, programu ya kompyuta ya kuhariri OpenStreetMap. Ina toleo lililokwisha kupimwa, ambalo hutoka takriban kila mwezi, na toleo la karibuni kabisa linalojengwa kila siku. Wajaribu watumie hili la pili, wengine wabaki na la kwanza.

BintiMkunazini
Naomba nijibu kuhusu usalama wa ramani, kwa sababu hapa sikubaliani na mtu anayesema "jaribuni tu, mtayafuta makosa baadaye". OpenStreetMap ina seva ya majaribio iliyotengwa na ramani halisi. Unafungua akaunti nyingine huko, hata kama unayo ya kawaida, na chochote utakachochora hakitamfikia mtumiaji yeyote wa ramani. JOSM na Vespucci (programu ya kuhariri ramani kwenye simu za Android) zote zinaweza kuelekezwa kwenye seva hiyo kupitia mipangilio. Usishangae kukuta mtaa wako haupo, kwani data ya huko ni chache. Chora mwenyewe mitaa ya kubuni na majengo yake, kisha yavuruge upendavyo. Kwa StreetComplete, programu ya simu inayokuuliza maswali kuhusu mahali ulipo, zima upakiaji wa kiotomatiki, jibu maswali, kisha yatendue majibu ya majaribio kabla hayajatumwa.

Jambo jingine, tafadhali lisipuuzwe: picha za kioo cha simu (screenshot) na faili za njia ulizopita huweza kuonyesha mahali unapolala. Wanachama wafanyie majaribio sokoni au kituo cha daladala, wasifanyie nyumbani.

Mzee_wa_GPS
Kijana wangu, usitangaze kikundi kwa watu wote siku ya kwanza. Chukua watu wachache wenye simu za aina tofauti, mkubaliane programu moja, na mmoja wenu anayeandika Kiingereza vizuri awe ndiye anayetuma taarifa. Zaidi ya yote, hitilafu ikirekebishwa, mrudie aliyeigundua umwambie ni toleo gani lililoirekebisha. Nimeona vikundi vingi vya kujitolea vikifa kwa sababu watu walitoa na kutoa bila kusikia neno lolote.

Mchoraji_Temeke
Nawashukuru sana, mzee wangu na ndugu zangu. Tutaanza na Vespucci kwenye seva ya majaribio, kwa sababu wengi wetu hatuna kompyuta. Limebaki suala la bando: kupakua matoleo kila mara ni gharama kwa mwanafunzi.

Fundi_Kihonda
Mmoja apakue faili kwenye Wi-Fi kutoka ukurasa rasmi wa mradi, kisha awagawie wengine kwa Bluetooth mnapokutana. Kila mtu ahakikishe namba ya toleo kabla ya kuanza, na aiandike juu kabisa ya taarifa yake.